Moshi wa Bluu Ukiwasha Gari Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kuutafuta na Kuumaliza kwenye Altezza na Wenzake

Mwezi huu peke yake nimeletewa magari matatu hapa Arusha yaliyofunguliwa injini bure. Hadithi ni moja. Gari linalala, asubuhi linawashwa, linatema wingu la bluu hadi jirani anafunga dirisha, halafu baada ya dakika moja limetulia kama si lenyewe. Mwenye gari anaambiwa "ringi zimekwisha", yaani pete za pistoni zimelika, analipa ovahoo (kufungua injini nzima na kuijenga upya), na wiki ya tatu wingu limerudi.

Yamenikuta na mimi kabla sijajifunza kazi. Fundi wangu wa wakati huo aliweka ringi mpya akaacha sili za valvu za zamani, vile vimpira vinavyozuia oili kuteremka kwenye valvu, eti "bado nzima kwa macho". Sili ya mpira haipimwi kwa macho.

Mfano wangu ni Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE, silinda 4 na valvu 16, kwa sababu ndiyo iliyojaa mjini. Utaratibu huu unafaa pia Celica na MR2 zenye injini za ukoo huo. Wenye Subaru nina neno nao kwenye hatua ya 2.

## Vifaa

Vya kuchunguza:

- Karatasi nyeupe au kitambaa cheupe
- Tochi
- Soketi ya plagi na racheti yenye shingo ndefu
- Geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya kufunga kwa nyuzi, siyo ile ya kushikilia kwa mkono
- Kijiko cha chai na oili safi kidogo
- Daftari. Usicheke, ndicho kifaa cha kwanza

Vya kutengeneza, na usivinunue kabla hujamaliza hatua ya 6 (isipokuwa PCV, ikihitajika kwenye hatua ya 3):

- Seti ya sili za valvu 16: za kuingiza 8, za kutolea 8
- Gasketi ya kava la tapeti (kifuniko cha juu ya injini) pamoja na sili za mashimo ya plagi
- Valvu mpya ya PCV
- Belti ya taimingi, kama hujui iliyopo ilifungwa lini
- Kamba ya manila yenye unene wa milimita 8 hivi, urefu mita 2
- Kibonyeza springi cha kufanyia kazi hedi (kichwa cha injini, penye valvu) ikiwa bado juu ya injini
- Koleo la mdomo mrefu, kalamu ya sumaku, spana ya toki
- Trei la mayai, matambara safi, miwani ya kazi
- Oili na filta mpya

Sili zikikosekana mjini, agiza Kariakoo zipakiwe kwenye basi. Kesho yake unazo. Ila tuma namba ya injini, usitume jina la gari tu. Altezza nyingine zina 1G-FE ya silinda 6, na hiyo inataka sili 24.

## Hatua ya 1: Liache lilale, kisha soma rangi

Gari lisiwashwe kwa saa 8 au zaidi. Ukilipasha "kidogo tu" umefuta ushahidi.

Asubuhi mtu mmoja awashe bila kupiga resi, wewe simama nyuma na karatasi nyeupe, shubiri moja kutoka mdomo wa bomba. Fanyia nje. Gereji iliyofungwa na injini inayonguruma ni kifo kisicho na harufu.

Mweupe mwepesi unaopotea hewani, karatasi inalowa maji matupu: huo ni mvuke. Juni na Julai hapa Arusha kila gari linao. Funga daftari, kanywe chai.

Mweupe mzito usioisha, wenye harufu ya utamu, na maji ya rejeta yanapungua: hiyo ni gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Mwongozo huu haukuhusu, na usiliendeshe gari hilo.

Mweusi, karatasi inapata masizi makavu: petroli imezidi. Anzia kwenye injekta inayovuja.

Bluu au kijivu cha bluu, harufu ya oili iliyoungua, karatasi ina vidoa vya mafuta visivyokauka: hapa ndipo tulipo.

Andika moshi ulichukua sekunde ngapi kuisha.

## Hatua ya 2: Moshi unatoka wakati gani?

Ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa pesa. Oili ina njia chache tu za kuingia kwenye chumba cha moto, na kila njia ina saa yake.

Ukiwasha tu, kisha unaisha. Gari likizimwa, oili hubaki juu ya hedi. Sili zikikakamaa kwa joto na umri, oili hiyo huteremka taratibu ikifuata mti wa valvu, usiku kucha, tone kwa tone. Asubuhi moto unaikuta imekusanyika na kuiunguza yote kwa pamoja. Ikiisha, moshi umeisha. (Jina lenyewe kichekesho: inaitwa *sili*, kumbe ndiyo inayokula.)

Baada ya mteremko mrefu. Tafuta mteremko kama wa Kibosho kuja Moshi mjini, au Marangu hadi Himo. Shuka ukiwa na gia, mguu nje ya mafuta, kisha ukifika chini kanyaga huku mwenzako akiangalia nyuma. Unaposhuka hivyo, upande wa kuingiza hewa hufyonza kwa nguvu kubwa na kuvuta oili kupitia sili. Wingu likitokea unapokanyaga, ushahidi wa sili umeongezeka. (Watu wa Moshi wamechoka na utani wa jina la mji wao, kwa hiyo nauruka.)

Ukipanda mlima na mzigo, moshi haukatiki. Hizo ni ringi au silinda iliyolika. Tofauti na sili, ringi mbovu hazisubiri asubuhi.

Gari la turbo, moshi baada ya kusimama na kunguruma muda mrefu. Kagua turbo na bomba lake la kurudisha oili kabla hujagusa hedi.

Sasa wenye Subaru: silinda zenu zimelala ubavuni, oili haiteremki yote kurudi chini. Ukiegesha kwenye mwinuko gari likiinamia upande mmoja, pafu moja la bluu asubuhi si ugonjwa. Egesha pa tambarare siku tatu kabla ya kuhukumu.

Mafanikio ya hatua hii: kwenye daftari una asubuhi tatu na mteremko mmoja, na vyote vinasema jambo moja. Vikipingana, rudia.

## Hatua ya 3: Vya bei rahisi kwanza

Pima oili gari likiwa pa tambarare, injini imezimwa kwa dakika 10. Ikipita alama ya juu, ipunguze. Nimeona gari lililowekewa lita moja ya ziada "ili injini ifaidi". Krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ilikuwa inaipiga oili hadi povu.

Kisha toa valvu ya PCV, ile inayorudisha hewa chafu ya injini kwenye njia ya kuingiza. Ipulize kwa mdomo kupitia paipu safi: upande wa injini hewa ipite, upande wa pili ikatae. Ikipita pande zote, au isipopita kabisa, badilisha. Ikiziba, hewa ya ndani hujaa na kusukuma oili mahali pasipo pake. Ikibaki wazi, oili hufyonzwa moja kwa moja.

Ukibadilisha PCV, endesha wiki nzima kabla ya kuendelea. Wapo waliopona hapa hapa.

Na tafadhali, acha oili nzito ya 20W-50 na zile chupa za dawa ya "kuzuia moshi". Oili nzito inachelewa kuteremka, kwa hiyo moshi unapungua kwa muda na wewe unajidanganya. Isitoshe VVT-i ya injini hii (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) inaendeshwa kwa presha ya oili. Asubuhi ya baridi, oili nzito inaifanya iwe mvivu.

## Hatua ya 4: Soma plagi

Injini ikiwa baridi, toa koili, puliza vumbi kwenye mashimo, kisha toa plagi nne na uzipange kwa namba za silinda.

Angalizo moja linalowapoteza wengi: oili kwenye *shimo* la plagi, inayolowesha nyuzi na kaure ya nje, inatoka kwenye sili za kava la tapeti juu. Haiingii kwenye moto na haitoi moshi wa bluu. Itengeneze, lakini usiilaumu.

Unachotafuta ni ncha. Ncha kavu ya kahawia ya maziwa ni nzima. Ncha yenye oili mbichi au kaa gumu jeusi linalong'aa inaonyesha silinda inayopokea oili. Mara nyingi zitakuwa mbili kati ya nne. Kaa likiwa upande mmoja tu wa ncha, upande unaotazama valvu za kuingiza, hiyo ni saini ya sili.

## Hatua ya 5: Pima kompresheni, ukikumbuka uko juu

Lipashe gari, lizime, toa fyuzi ya pampu ya petroli na uchomoe plagi za umeme za koili na injekta zote. Hutaki petroli inyunyizwe wala cheche irukie.

Funga geji silinda ya kwanza, mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho, stata izungushwe mipigo 6 hadi 8. Andika. Rudia silinda zote kwa idadi ile ile ya mipigo, betri ikiwa imejaa.

Hapa ndipo injini nyingi za Arusha zinapohukumiwa kwa uonevu. Vitabu vya gari vinatoa namba za usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na geji husoma pungufu kwa kiasi cha asilimia 15. Moshi mjini, kati ya mita 800 na 900, pungufu ni kama asilimia 10. Tuseme kitabu kinadai kilo 12 kwa sentimita ya mraba: Arusha utapata kilo 10 na kidogo, na injini ni nzima kabisa. Fundi asiyejua hili anakuambia "kompresheni imeshuka", na kumbe wewe ndiye uliyepanda.

Kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ikiwa ndani ya asilimia 10, vizuri.

Silinda iliyo chini, weka kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia shimo la plagi, zungusha kidogo, pima tena. Namba ikiruka juu sana, ringi ndizo zinazovujisha, kwa sababu oili imeziba nafasi yao. Ikibaki pale pale, tatizo ni valvu kutokaa vizuri au gasketi.

## Hatua ya 6: Amua

Moshi wa bluu wa asubuhi tu, au na baada ya mteremko, kompresheni sawasawa, PCV nzima, plagi zina oili: ni sili za valvu. Endelea.

Moshi wa mlimani, na kompresheni inayoruka kwa kijiko cha oili: simama hapa, unahitaji ovahoo kweli.

Dalili zote mbili kwa pamoja: fanya ovahoo, na sili mpya ziwe sharti, siyo ombi.

## Hatua ya 7: Kufungua juu

Hedi haitoki, na hiyo ndiyo raha yake. Lakini kamshafti mbili na belti ya taimingi zinatoka, kwa hiyo kama hujawahi kufunga taimingi, tafuta aliyewahi asimame pembeni yako.

Chomoa betri. Toa koili, plagi, kava la tapeti, kava la belti. Zungusha puli ya krenki kwa spana, kwa mwelekeo wa saa, hadi alama za krenki na kamshafti zote zikutane. Piga picha. Weka na alama zako kwa rangi nyeupe.

Toa belti, kisha rudisha krenki nyuma robo mzunguko. Hapo pistoni zote nne zinakuwa katikati ya safari. Chukulia daima kwamba valvu na pistoni za injini hii zinaweza kugongana. Robo mzunguko huo ndio bima yako.

Vikofia vya kamshafti vilegeze kwa awamu, robo zamu kila bolti, ukianzia pembeni kwenda katikati. Ukifungua upande mmoja wote, springi zitaipinda kamshafti, na kamshafti haina msamaha. Gia za VVT-i ziache kwenye kamshafti zake.

Vikombe 16 vilivyo juu ya valvu vitoe kwa sumaku na kuvipanga kwenye trei la mayai, kila kimoja na namba yake. Kila kikombe kimezoeana na kiti chake na kina unene wake. Ukivichanganya, umeharibu nafasi za valvu zote.

Mwisho, ziba kila tundu la oili kwenye hedi kwa tambara. Hesabu matambara uyaandike. Yakiingia sita, yatoke sita.

## Hatua ya 8: Kamba

Ukitoa springi, valvu haina kinachoishika, itaangukia silinda. Wenye kompresa hujaza upepo kupitia shimo la plagi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, upepo nao umekatika. Kamba haijui mgao.

Kamshafti zikiwa nje, valvu zote zimefunga, kwa hiyo krenki inazunguka bila hatari. Teremsha pistoni ya kwanza hadi chini. Ingiza kamba kupitia shimo la plagi, mita moja na nusu hivi, ukiacha nusu mita nje yenye fundo kubwa. Zungusha krenki kwa mkono, taratibu, hadi uhisi kamba imebanwa na spana imegoma. Usilazimishe. Kamba sasa imezikandamiza valvu nne kutoka chini.

Usitumie kamba ya katani. Nchi hii haina uhaba wake, najua, lakini inaacha nyuzi ndani ya silinda.

## Hatua ya 9: Sili yenyewe

Vaa miwani. Bonyeza springi kwa kibonyezo, na zile kufuli mbili ndogo zinazoshika ncha ya juu ya valvu zitalegea. Zinase kwa sumaku. Ni 32 kwa jumla, kila moja ndogo kuliko punje ya hindi, na ikianguka huisikii ikitua. Toa kofia na springi.

Sasa sili ya zamani iko mbele yako. Ishike kwa koleo, izungushe kidogo ndipo uivute wima. Ikitoka, ibonye kwa kucha. Mpya hubonyea na kurudi. Niliyotoa juzi kwenye Altezza moja ya Njiro ilikatika kama gamba la karanga.

Kabla ya kuvisha mpya, legeza kamba kidogo tu, tikisa ncha ya juu ya valvu huku na huku, kisha ibane tena. Kikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, bushi inayoongoza valvu imelika. Kwa injini nyingi za Toyota za aina hii, nafasi ya mwisho inayovumilika kati ya mti wa valvu na bushi ni milimita 0.08 kwa valvu ya kuingiza na 0.10 kwa ya kutolea. Bushi ikilika, sili mpya haitadumu na hedi italazimika kwenda kwa fundi mashine. Jua mapema.

Kuvisha ndiko wengi wanakoharibia. Juu ya mti wa valvu kuna mfereji wa kufuli, wenye kingo kali kama wembe. Sili ikipita hapo mtupu, mdomo wake unachanika, na asubuhi moshi uko pale pale. Hapo ndipo utasikia "spea ni feki". Funika ncha ya valvu kwa kipande chembamba cha nailoni; tangu mifuko ipigwe marufuku 2019 nakata karatasi ya mkate. Paka oili, teremsha sili polepole, toa nailoni, kisha sukuma sili kwa mkono ukitumia soketi ndefu inayoikaa pembeni. Nyundo hapana. Utahisi imekaa: inagota mara moja na haishuki tena.

Sili za kuingiza na za kutolea hazifanani. Za kutolea zimetengenezwa kwa joto zaidi. Rangi hutofautiana kwa mtengenezaji, soma pakiti na usikisie.

Rudisha springi, kofia na kufuli. Kamba ikiwa bado imebana, gonga ncha ya valvu kidogo kwa nyundo ya plastiki ili kufuli zikae. Ikiruka, afadhali iruke sasa.

Legeza krenki, vuta kamba, ingia silinda ya 4. Inapanda na kushuka pamoja na ya 1, kisha fanya ya 2 na ya 3. Silinda ya kwanza itakula saa mbili, ya mwisho dakika 40.

## Hatua ya 10: Kurudisha

Hesabu matambara. Hesabu tena.

Krenki irudi robo mzunguko kabla ya alama. Vikombe kwenye viti vyake, oili juu ya kila kimoja, kamshafti, kisha vikofia kwa awamu kuanzia katikati kwenda pembeni, na toki ya kitabu cha injini hiyo hasa. Linganisha alama, funga belti, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie alama tena. Ikigoma popote, acha. Kinachogoma ni valvu inayogusa pistoni.

Gasketi mpya ya kava, silikoni kidogo kwenye kona tu, plagi, koili, oili mpya na filta, oili ya uzito unaotakiwa na kitabu.

## Hatua ya 11: Kuwasha

Moshi utatoka. Usiite mtu, usilie. Oili uliyopakia wakati wa kufunga na ile iliyoganda kwenye bomba la moshi kwa miaka lazima iungue. Acha lingurume dakika 20 hadi 30 nje, halafu liendeshe kawaida, tuseme hadi Usa River na kurudi. Bomba lililolowa sana linaweza kufuka kidogo siku kadhaa.

Kipimo halisi ni asubuhi ya nne. Gari limelala, karatasi nyeupe, shubiri moja. Unachotaka kuona ni unyevu wa maji peke yake, usioacha doa karatasi ikikauka. Kisha rudia mteremko wako wa hatua ya 2.

Andika usawa wa oili leo na kilomita za gari. Pima tena baada ya kilomita 1,000, pa tambarare, dakika 10 baada ya kuzima. Kijiti kikisoma karibu pale pale, trei la mayai unaweza kulirudisha jikoni, ingawa nyumbani kwangu lilikataliwa.